Adui Aliyeitwa Asuivre

Nilipokuwa na miaka saba niliamini kwamba adui mkubwa kuliko wote duniani anaitwa Asuivre. Cheka tu, mimi mwenyewe nacheka. Sikumwona hata siku moja, na hakuna aliyemwona. Lakini katika magazeti yetu ya hadithi za picha, kila shujaa alipobanwa, ukuta unamwangukia, mkono umenaswa, kisu kiko shingoni, pale chini kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi: À SUIVRE. Aliyenisomea ni yaya, kaka yangu. Huku kwetu Goma yaya ni yeyote aliyekutangulia kuzaliwa, wa kike au wa kiume. Alikuwa na miaka tisa, Kifaransa chake kilikuwa cha kuungaunga, na neno lile alilisoma kama Kiswahili, silabi kwa silabi. "Huyu ndiye mukubwa yao," akaniambia. "Wale wengine wote ni yeye anawatuma. Yeye mwenyewe hajionyeshi."

Leo mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Kila mwaka nafika mahali pa kuwaeleza wanafunzi kwamba à suivre maana yake ni "itaendelea", na kila mwaka nageukia ubao nifute pua. Wao wanadhani nina mafua.

Magazeti yenyewe yalifika kwetu kama karatasi ya kufungia karanga. Papa alikuwa dereva wa mwalimu mmoja mzungu, na yule mzungu alipofungasha kurudi kwao alimwachia katoni nzima ya hadithi za picha za zamani, zilizochapwa Ulaya kabla sisi hatujazaliwa, ndogo za kutosha mfukoni, karatasi imeshageuka rangi ya chai. Papa hakuwa na kazi nayo. Mama alikuwa na kazi nayo. Alikaanga karanga na kuziuza mbele ya nyumba yetu ya mbao katika mtaa wa Mapendo, na kila siku alihitaji karatasi ya kuzungushia vifuko. Akaiweka katoni chini ya meza, akawa anapasua ukurasa mmoja mmoja, na mteja akaenda zake na karanga pamoja na nusu ya vita.

Zikapita wiki mbili hivyo. Siku moja yaya akapewa kifuko chake, akakikunjua ili alambe chumvi, akaona mtu anageuka ukungu na kupita chini ya mlango. Alipiga kelele hadi jirani akaja mbio akidhani ameungua. "Mama, usipasue! Mama, usipasue!" Mama akasimama na ukurasa mkononi, amechanganyikiwa. Katoni ilikuwa imebaki chini ya nusu.

Tulihesabu magazeti kumi na tisa. Namba tatu na nne zilikuwepo, halafu unaruka mpaka namba nane. Kumi na moja ilikuwepo, kumi na mbili haina kichwa wala mkia. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu hadithi hizo hazikuwa za kusoma kwa kuruka. Hadithi ya kawaida inaanza na inaisha. Hizo ziliendelea miaka na miaka, na kila kilichowahi kutokea kilibaki kimetokea. Shujaa wetu, ambaye sisi tulimwita Ukungu tu, aliungua bega katika namba nne. Basi katika namba kumi na sita bado anashindwa kuinua mkono sawasawa, na pembeni ya picha kuna kinyota, na chini kinyota kinakuambia: Voir numéro 4. Yaani nenda ukaangalie namba nne. Ni kama gazeti linasema: hatusemi ovyo, tuna ushahidi.

Tulikipenda kile kinyota kuliko hata ngumi. Nyumbani kikawa lugha yetu. Papa akiuliza nani amevunja taa, yaya anajibu, "Voir numéro ya juzi," maana juzi papa mwenyewe aliigonga kwa bega. Hata mama, ambaye shule hakuikanyaga, aliokota neno hilo na kulitamka kwa namna yake: vwari nimero. Ukimwomba nguo mpya anakuambia, "Vwari nimero ya Noeli," na wewe unakumbuka kwamba ya Noeli uliichana siku hiyohiyo, unanyamaza.

Nisiwadanganye, zilikuwa na upuuzi wake pia. Ukungu alikuwa anaanguka kutoka ghorofa ya ishirini na bado ana muda wa kueleza kwa sentensi tatu nguvu zake zinafanyaje kazi, kwa ajili ya mtu aliyeanza kusoma leo. Jalada lilikuwa linaapa kwamba leo atakufa, ukifungua ndani amejikwaa tu. Mchoraji akibadilishwa, mke wa mtu anabadilika pua na hakuna anayeuliza. Na walikuwa wanakufa ovyo na kurudi ovyo. Mmoja alilipuka ndani ya meli, akalia kila mtu, picha nzima ya ukurasa mmoja watu wameinamisha vichwa kwenye mvua. Namba tano baadaye huyo hapo mlangoni, eti maji yalimtupa kwenye kisiwa. Yaya aliona jambo hilo na akatunga sheria. "Kama haujaona mwili," alisema, "hajakufa." Tuliipima sheria hiyo kwa magazeti yote kumi na tisa na haikuanguka hata mara moja.

Namba zilizokwenda na karanga alizitunga yeye. Jioni baada ya shule alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, karibu na jiko la mama, akasema, "Namba tano," kisha akaisimulia kama vile ameishika. Ilibidi Ukungu aliyeachwa kisimani mwishoni mwa namba nne atoke na afike katika namba nane akiwa gerezani, ana ndevu, na mwenzake hamwamini tena. Njia yote ya katikati yaya aliijenga kichwani. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa mdomo wazi. Mama alikuwa anageuza karanga na ungesema hasikii lolote.

Wapi! Mama ndiye aliyekuwa anasikia kuliko wote. Kwenye kurasa za mwisho za magazeti yale kulikuwa na barua za wasomaji, watu wazima kabisa, wanaandika kulalamika kwamba shujaa aliumia mguu wa kulia na sasa anachechemea wa kushoto. Mama hakujua kwamba barua hizo zipo, lakini yeye ndiye alikuwa barua zote. "We mutoto," angesema bila kugeuka, "juzi ulisema mukono yake ya kushoto ilivunjika. Leo amebeba ule bibi na mukono gani?" Yaya anakwama, anakuna kichwa, mimi nacheka. "Na tena ulisema akikaribia moto hawezi kugeuka ukungu. Sasa hapa jikoni wamefika, ametokaje?" Ilibidi arudi nyuma atengeneze. Mama akiridhika anasema "Ehe," na hapo ndipo tunapata karanga zilizovunjika. Alituambia siku moja kwamba huyo Ukungu wetu angehamia Goma asingemaliza wiki, na huu moto ulio chini ya nyumba zetu.

Na moto ulikuja. Mlima wa volkano uliteremsha uji wake wa moto katikati ya mji, na sisi tukakimbia na kilichokuwa karibu na mkono. Mama alibeba sufuria na mimi. Papa alibeba godoro. Yaya alibeba katoni kichwani, na papa alipoona ni katoni na si gunia la unga alimpiga kofi palepale barabarani, watu wanapita. Yaya hakuiweka chini. Alisema kwa sauti ya mtu mzima, "Asuivre amefika," na mimi nikaelewa kabisa anachosema. Tangu hapo ndivyo tulivyosema. Papa alipofariki kwa ugonjwa wa figo, asuivre amefika. Kila masasi ya bunduki yalipoanza kulia upande wa kaskazini na watu wakaingia mjini na magodoro vichwani, yaya aliniangalia tu, na sikuhitaji kuambiwa.

Tulikua. Kifaransa kikanyooka, tukajua neno lile lina maana gani, tukalicheka mpaka machozi, na tukaendelea kulitumia vilevile. Mimi nikawa mwalimu, nikapanga nyumba mtaa wa Keshero, nikamchukua mama. Yaya alibaki Mapendo, kwenye kibanda alichokijenga palepale juu ya mawe meusi yaliyoifunika nyumba yetu. Macho yake yaliharibika mapema. Bila miwani hakuona hata sahani iliyo mbele yake, alikuwa anaitafuta nyama kwa kidole. Kazi yake ilikuwa maharagi. Alipanda na malori hadi Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, akanunua kwa wakulima na kushuka na magunia. Hakuoa. Nilimchokoza kwamba anangoja mwanamke anayejua namba tano mpaka saba.

Safari yake ya mwisho alinipigia simu kutoka hukohuko. "Niko Kalengera, lori limejaa, kesho mchana niko nyumbani. Mwambie mama asile maharagi ya watu." Mtandao ukakatika. Kesho yake barabara ilifungwa, na simu yake haikulia tena.

Sitaeleza vita. Wanaoijua wanaijua, na wengine wameshazoea kutusikia. Nitaeleza nyumba yetu. Wiki zilipita, ndugu za papa wakaja, wakakaa, wakakohoa, wakasema ni wakati wa kufanya matanga. Kilio kifanywe, misa isomwe, marehemu apumzike, na walio hai wapumzike pia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, hasemi. Mimi ndiye niliyesimama. Niliwatukana, naona haya hata kuliandika hili, niliwatukana watu wazima wenye mvi. "Mwili umeuona wewe? Nani ameuona mwili?" Nikawafungulia mlango. Jambo lilikuwa hilo moja, na liligawa nyumba yetu kwa miezi: tumlilie au tusimlilie.

Mama aliacha kuzungumza. Aliamka, alifagia, alipika, alikaa. Niliogopa kwamba atakufa kwa huzuni palepale kwenye mkeka na nitabaki peke yangu. Mimi nilikuwa sawa. Nilifundisha, nilisahihisha madaftari, nilirudi. Sketi zilikuwa zimeanza kunilegea kidogo, nikazifunga na pini, basi.

Halafu Jumamosi moja, mchana, nilivua viatu mlangoni na kusema uongo. Sikuupanga. Nilisema, "Mama, kuna habari ya yaya." Nikamwambia dereva mmoja amepita shuleni, amekutana naye upande wa Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi, ameumia kifundo cha mguu lakini yuko hai, na ametuma karatasi.

Mama alinyanyua uso. "Ameandika yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Anasema alikuwa anasoma vibao vya njiani mpaka akafika."

"Karatasi iko wapi?"

"Dereva ameipoteza, mama. Lakini aliisoma, akanieleza yote."

Mama akasema "Ehe," akainuka, akapakua bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaweka mbele yangu. "Kula kwanza," akasema. "Ukimaliza utanihadithia." Nikala sahani nzima. Nikahadithia.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Nilikuwa na daftari la shule nililoliandika juu "Kifaransa, mwaka wa tatu", na ndani niliweka namba: namba moja, kifundo, namba mbili, amehamishiwa hema lingine, namba sita, anafanya kazi ya kupasua mbao na bosi wake ana jicho moja. Niliweka hata vinyota. Nikimtaja yule bosi katika namba kumi, nafungua kwanza namba sita kuona ni jicho lipi. Sikuwahi kufundisha kwa uangalifu kama nilivyotunga uongo ule. Na nitasema ukweli, kulikuwa na raha ndani yake. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya yaya, nafanya kazi ya yaya, na alikuwa anatembea tena kwa sababu mimi nimesema atembee.

Mama hakunikosoa hata mara moja. Mama yule! Mwanamke aliyemkamata Ukungu na mkono uliovunjika, alinisikiliza namba baada ya namba, akasema "Ehe" na kunipakulia. Ningekuwa na akili ningeshtuka. Nilijisifu tu kwamba ninatunga vizuri kuliko kaka yangu.

Wiki ile masasi yalipoingia mjini kwenyewe, tulilala chini siku kadhaa, umeme hakuna, makala hakuna, yaani makaa ya kupikia, maji ya ziwa tu. Katoni ya yaya ilikuwa kwetu, niliihamisha kutoka Mapendo baada ya barabara kufungwa. Nilitoka uani nikamkuta mama amepiga magoti jikoni, ameishika namba tatu, anaipasua ukurasa kwa ukurasa na kuwashia vijiti. Nilipiga kelele. "Mama, usipasue! Atakuja kuziulizia!" Aliniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Kisha akapasua ukurasa mwingine, kwa sababu maji yalitaka kuchemka, na siku ile mimi nilikunywa uji uliopikwa kwa namba tatu, nne na nane. Nililia juu ya kikombe. Yeye hakulia.

Mji ulinyamaza, tukarudi shuleni. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitunga. Dereva wa kweli, baba wa mwanafunzi wangu, alikuja kuuliza alama za mtoto wake, na katika kuzungumza akasema kwamba huko kambini Uganda yupo mtu mmoja wa Goma, mwembamba, mwenye miwani, anawasomea watu barua zao na kuwaandikia. Watu wanamwita mwalimu. Jina halijui. Alikuwa anauza maharagi zamani, nadhani, alisema yule baba. Nadhani.

Nilishika meza. Nilikuwa nimemwandika mimi, mwaka mzima nimemwandika, na sasa ametoka kwenye daftari na kusimama. Jioni ileile nilimwomba mkuu wa shule ruhusa ya wiki mbili. Nilizungumza na dereva wa lori: tutapanda barabara ya Rutshuru, iliyokuwa imefunguliwa tena, tupite Kalengera, tufike mpakani. Kila mtu alijua barabara ile ikoje. Watu walikuwa wanashushwa kwenye magari na hawarudi. Sikujali. Siku ya Jumamosi asubuhi nilifunga mfuko, nikaweka shati lake, nikaweka magazeti mawili tu yaliyosalimika na moto wa jikoni, kumi na moja na kumi na tisa.

"Mama, safari hii si dereva aliyepoteza karatasi," nikamwambia. "Safari hii kuna mtu amemwona. Anasomea watu barua, mama. Mwembamba, ana miwani. Ni yeye. Naenda kumleta."

Mama alikuwa anachambua mboga za lengalenga. Aliacha. "Unapita wapi?"

"Kalengera."

Akaweka ungo chini, akaingia chumbani, akarudi na kikwembe kimoja, kitenge cha zamani kilichokunjwa mara nyingi. Akaketi, akakikunjua juu ya mapaja yake, kunjo moja baada ya jingine, polepole mpaka nikataka kumkemea. Ndani kulikuwa na miwani ya yaya.

"Ile mutu," akasema mama, "ana miwani gani?"

Sikuelewa, au niliogopa kuelewa. Akanieleza. Asubuhi ile ya kwenda Kalengera yaya alipitia Keshero, mimi nikiwa darasani. Skrubu ya miwani ilikuwa imedondoka, mguu mmoja umelegea. Akamwachia mama aipeleke kwa fundi saa, akasema njia anaijua, magunia atayapima kwa mikono, kesho atapita kuichukua. Mama aliipeleka siku hiyohiyo. Ikatengenezwa siku hiyohiyo.

"Ukaniambia ameandika karatasi," akasema. "Ukaniambia alisoma vibao. Mutoto yangu bila hii kitu hakuona hata sahani." Akainua miwani kidogo, vioo vikang'aa, alikuwa anaifuta, bila shaka alikuwa anaifuta kila siku. "Vwari nimero ya kwanza."

Kosa lilikuwa katika namba ya kwanza kabisa. Nikakaa chini.

Akaendelea, na sauti yake haikupanda. Wiki ya tatu baada ya barabara kufungwa, kabla sijasema uongo wangu wa kwanza, mwanamke mmoja mchuuzi alifika nyumbani akimtafuta mama wa mtu wa maharagi. Alikuwa kwenye lori lilelile. Lilisimamishwa, wanaume wakashushwa, wanawake wakaambiwa waangalie mbele. Yaya alikuwa anapapasa ngazi ya lori kwa mguu, haioni, na mmoja wa wale wenye bunduki akacheka. Wanaume wakapelekwa nyuma ya migomba. Yule mwanamke hakuona mwili. Alisikia. Alihesabu milio, na idadi ilitosha wanaume wote.

"Na ukanyamaza," nikamwambia. Nilikuwa napiga kelele, Mungu anisamehe. "Ndugu walikuja hapa wakataka matanga, nikawafukuza, ukanyamaza! Mwaka mzima unaniacha nahadithia kama kichaa! Kwa nini?"

"Haukukuwa unakula," akasema mama.

Nikakumbuka pini za sketi zangu.

"Ulikuwa unarudi kazini, unakaa pale, haugusi kitu. Mifupa inaonekana. Nikasema sasa nitazika wawili. Ile siku ukakuja na ile karatasi ya uongo, ukakula sahani yote. Nikasema basi, ahadithie. Mutu akihadithia, anakula." Aliangalia mfuko wangu pale mlangoni. "Lakini kule Kalengera hauendi. Hadithi ni ya hapa nyumbani. Sikukuacha uhadithie ili ile barabara ikukule na wewe."

Nilishika sheria ya yaya, sikuwa na kitu kingine cha kushika. Nikamwambia mwili haujaonekana. Nikamwambia namba zinapotea, mama, lakini zipo mahali, kuna mtu anazo. Ndivyo tulivyoamini utoto wote, kwamba namba tano mpaka saba zimo kwenye katoni ya mtu fulani, Bukavu, Ulaya, popote, na siku moja tutazipata.

"Hazikupotea," akasema mama. "Nilizipasua mimi. Nilifungia watu karanga, wakakula, wakatupa karatasi. Miaka yote mulikuwa munasema iko pahali, iko pahali, na mimi niko naona haya kuwaambia. Kupotea ni kitu ingine. Zile zilikwisha."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaingia, na alipomwona mama ameshika miwani hakuuliza, alikaa chini na kuanza kulia nasi. Hivyo matanga yetu yalianza saa nne asubuhi, bila mtu kuyatangaza.

Ndugu za papa walirudi, niliwaomba msamaha mmoja mmoja, na hawakunitajia tena yale matusi. Mama alitaka kaburi. Wengine walisema kaburi la nini bila mwili. Alisema yeye anataka pahali pa kukaa. Tulilichimba kule Mapendo, nyuma ya kibanda chake, na wanaojua Mapendo wanajua hakuna udongo, ni jiwe la mlima tupu. Vijana wa mtaa walipiga baramini, ule mtaimbo mrefu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, cheche zinaruka, na walipata shimo la kina cha goti. Lilitosha. Kulikuwa na sanduku dogo la mbao, ndani yake miwani, shati, na magazeti mawili. Nikaweka na daftari langu juu.

Fundi wa sanduku alikuwa ameshika nyundo, tayari kulipigilia misumari. Mama akamzuia kwa mkono. Akalichukua daftari, akalifunua mwishoni, pale nilipoandika namba ya mwisho, akanionyesha mahali palipobaki peupe chini ya maandishi.

"Hapa wale wazungu waliandika nini?" akauliza. "Pale chini, siku zote."

"À suivre, mama."

"Wewe usiandike hiyo. Kama iko neno ya kumaliza, andika hiyo."

Niliomba kalamu kwa mmoja wa waombolezaji. Miaka yote niliyofundisha sikuwahi kuandika polepole vile. Nikaandika FIN, yaani mwisho. Mama, ambaye hajui herufi, akaweka kidole juu yake, akapima kutoka mwanzo hadi mwisho, kidole kimoja kikalifunika neno zima, akaniangalia.

"Iko fupi hivi?"